Krismasi ya Mke wa Mtoto wa Mwisho

Kwetu mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anabaki na nyumba ya wazazi. Wale wakubwa wanagawiwa shamba, wengine wanajenga huko chini, wengine wanaenda mjini, lakini wa mwisho anabaki palepale na mama mzee anabaki naye. Watu husema mtu kama huyo ana bahati. Hao watu hawajawahi kumuuliza mke wake.

Mke wa mtoto wa mwisho ni mama yangu. Jina lake ni Sally, lakini hapa Keringet hakuna anayelitumia. Yeye ni Mama Fancy, kwa sababu Fancy ni mimi, na Desemba ikifika jina langu linaitwa kutoka asubuhi mpaka jioni na si mimi ninayetakiwa. Mama Fancy, kisu kiko wapi. Mama Fancy, mtoto amejikojolea. Mama Fancy, hii chai imewekwa sukari ama bado. Kisu kiko kwa droo ileile kimekaa tangu nizaliwe, lakini lazima aulizwe, na lazima aache unga aende akawatolee.

Baba ana ndugu sita, wote wakubwa wake. Krismasi ikikaribia wanapigiana simu wanasema wanaenda nyumbani, na ni kweli, nyumbani kwao ni hapa. Shida ni kwamba hapa pia ni kwetu. Wanafungua kabati bila kuuliza kwa sababu ni kabati la mama yao. Dada mkubwa wa baba, Senge Chesang, akishaweka tu mkoba chini anaingia jikoni na kuanza kuhamisha sufuria. Anasema anazirudisha vile zilikuwa wakati wa mama yake. Chumvi inatoka karibu na moto inaenda juu ya rafu, majani ya chai yanaenda kwa mkebe mwingine, miiko inaning'inizwa kwa msumari ambao mama alishaung'oa na Senge anaupigilia tena. Mama husema asante. Wakiondoka, anatumia nusu ya Januari kurudisha vitu mahali pake.

Mama si mtu wa kulalamika. Akikasirika anapangusa meza ambayo tayari ni safi. Mimi shule niliiachia darasa la tano, nikabaki na ng'ombe na kuangalia watu, na ninaweza kukuambia kwamba mwezi wa Desemba meza yetu hung'aa kuliko mwaka wote.

Kitu kimoja tu ndicho alikuwa anataka. Mama yake mzazi anakaa juu ya Njoro, si mbali sana ukiwa na gari, na kwa Krismasi kumi na saba, yaani tangu aolewe, mama hajawahi kula naye siku hiyo. Kila mwaka anasema ataenda Boksing Dei. Boksing Dei inafika na watu bado wamelala kwa magodoro yetu, na wakiamka wanataka chai. Mwaka mmoja alifika tarehe mbili Januari. Mwaka mwingine hakufika.

Sasa mwaka huu mwezi wa nane, mama yake alikatwa mguu chini ya goti kwa sababu ya sukari. Mwezi wa kumi na moja akapiga simu. Mama aliweka simu kwa spika kwa sababu mikono ilikuwa na unga, kwa hivyo nilisikia.

"Sally," yule mama mzee akasema, "mimi sitaki leso wala blanketi. Uniletee maziwa kwa ile sotet nilikupa. Na ukuje Krismasi yenyewe, usikuje kesho yake."

Sotet ni kibuyu cha maziwa. Unakiosha na maji moto na ufagio wake mdogo, unakikausha, halafu unasugua ndani na makaa ya mti wa senetwet yakiwa bado na moto, ndio unamimina maziwa, unafunga, unaacha siku kadhaa yawe mursik, maziwa yaliyoganda. Ule weusi wa ndani ndio dawa yake. Unajijenga pole pole, mwaka baada ya mwaka. Hii mama alipewa na mama yake siku ya harusi, na kabla yao ilikuwa ya nyanya ya mama, kwa hivyo huo weusi ni wa mikono ya wanawake watatu. Kitu kimoja hakigusi sotet, nacho ni sabuni. Sabuni inaingia kwa ngozi ya kibuyu na haitoki, na maziwa yote utakayoweka yatakuwa na ladha ya sabuni. Huku kwetu mtoto wa miaka mitatu anajua hivyo.

Tarehe ishirini mama aliosha, akasugua, akajaza maziwa ya yule ng'ombe aliyezaa juzi, akafunga na kuining'iniza kwa stoo nyuma ya magunia ya viazi. Kisha akamtafuta Baba Kimaiyo, ndiye ndugu mkubwa wa baba, anaitwa Kigen na anaishi Nakuru mjini. Alimwomba kwa simu, kwa heshima, kama Krismasi akirudi mjini anaweza kumshusha Njoro. Baba Kimaiyo akasema hakuna shida, yeye lazima aondoke saa nane kamili. Mama alirudia hayo maneno kila siku, saa nane kamili, akipanga chakula kiwe tayari saa sita ili ikifika saa nane awe amevaa viatu.

Tarehe ishirini na nne wakaja. Watoto peke yao walikuwa kumi na tisa, nilihesabu wakati wa kugawa vikombe. Kufika jioni ilionekana hakuna mahali pa kuwalaza wote, na Senge Chesang akaamua wavulana watalala stoo. Alianza kutoa magunia kabla mtu hajajibu. Mama akakimbia akatoa sotet, akatazama huku na huku, nyumba yote imejaa mikoba na watu, mwishowe akaiweka jikoni la nje, chini ya meza ya vyombo, nyuma ya karai. Akaniambia mimi tu.

Asubuhi ya Krismasi watoto walivalishwa nguo mpya saa moja. Sijui ni nani aliamua hivyo. Kufika saa mbili, gauni tatu nyeupe zilikuwa na rangi ya zizi la ng'ombe, mtoto mmoja alikuwa amekwama kwa ua wa michongoma, na wawili walikuwa wanapigania baluni ambayo ilishapasuka. Mama zao walikuwa wameketi sebuleni na Kogo, mama yake baba, wakimwonyesha picha kwa simu. Kila dakika mmoja anatoa kichwa dirishani na kusema, Mama Fancy, hebu angalia hao watoto. Mama alikuwa na sufuria tatu motoni, unga wa chapati wa kilo nane kwa beseni, na wanaume kule nyuma wanachinja kondoo na wanaita chai kwa mara ya tatu.

Ndipo alipozunguka nyuma ya jikoni na kuwakuta watatu. Kimaiyo wa Baba Kimaiyo, ana miaka minane. Dada yake Kimberly, miaka sita. Na ndugu yangu Kiprugut, wa miaka minne. Walikuwa wamechukua sahani zilizooshwa tayari, zote, wamepika pilau ya matope, na wamepakua.

Mama alizitazama zile sahani. Mwaka mwingine angepangusa kitu. Lakini meza ilikuwa mbali.

"Mtaosha vyombo vyote vilivyo hapa," akasema. "Vyote. Nikirudi nisione kitu cheusi. Mkimaliza, kila mtu soda yake."

Akachukua birika akaenda kwa wanaume, na mimi nikatumwa kuni.

Kusema ukweli, nilishangaa nikirudi nikasikia kimya. Kisha nikakutana na Bosco, mbwa wetu, amelala njiani na mdomo mweupe. Alikuwa anajilamba mpaka masikioni. Nikaweka kuni chini pale pale.

Vyombo vilikuwa vimepangwa kwa uchaga, sijawahi kuviona vikiwa safi hivyo. Sufuria zilikuwa zinawaka jua. Na katikati, imegeuzwa mdomo chini ikauke vizuri, ilikuwa sotet.

Kimaiyo alikuwa amesimama kando kama mtu anayengoja kupewa cheti. Akaniambia hiyo ndiyo ilikuwa chafu kuliko vyote, ndani ilikuwa nyeusi kabisa, na maziwa yake yalikuwa yameharibika, kwa hivyo wakampa Bosco. Kimberly akasema yeye ndiye aliingiza mkono kwa sababu wake ni mdogo, akatumia waya ya sufuria, na sabuni akaweka mara tatu. Walikuwa wamelowa mpaka kifuani. Nikamgeukia Kiprugut, kwa sababu yeye ni wa hapa, yeye anajua. Nikamuuliza kwa nini hakuwaambia.

"Nilikuwa nataka soda," akasema.

Niliinua kibuyu nikanusa. Kilikuwa na harufu ya ndimu. Ni ile sabuni ya maji mama yake Kimaiyo aliileta kutoka mjini, akasema ni laini kwa mikono.

Sikujua nitamwambiaje mama, na sikuhitaji, kwa sababu alikuwa nyuma yangu. Alichukua sotet kutoka kwa mkono wangu, akatia pua kwa mdomo wa kibuyu, akakaa hivyo muda mrefu kuliko inavyohitajika kunusa kitu. Wale watatu wakamtazama. Walikuwa wamefanya kazi, na walikuwa wanangoja.

Mama akaingia jikoni, akatoa soda tatu kwa ndoo ya maji, akazifungua na kijiko na kumpa kila mtu yake. Alikuwa ameahidi. Halafu akaketi kwa kigoda. Mimi nina miaka kumi na sita, na sikuwa nimewahi kumwona mama ameketi siku ya Krismasi.

Jambo la mtu kuketi lilileta watu haraka kuliko kilio. Mama Kimaiyo, mke wa Baba Kimaiyo, akafika kwanza. Amezaliwa mjini na hajui mambo ya vibuyu, lakini aliposikia akashika kichwa, akaomba msamaha, akawagombeza watoto mpaka Kimberly akalia soda ikiwa mdomoni. Akasema atanunua nyingine, kwamba kuna mahali Nakuru wanauza vizuri sana, zimepambwa na shanga nje. Senge Chesang akasema kwa nini watu wanasimama, maziwa ni maziwa, nyumba hii imejaa maziwa, si aweke kwa jagi aende nayo hiyo saa nane. Akaongeza kwamba saa nane yenyewe ingesogea kidogo, kwa sababu kondoo wa pili bado hajachinjwa na Kigen hawezi kuondoka kabla ya nyama. Labda saa kumi. Labda hata kesho ingekuwa bora.

Mama akainuka. Alikuwa bado ameshika sotet kwa kwapa kama mtoto. Akatembea mpaka nyuma ya nyumba ambako wanaume walikuwa na kondoo wao, na sisi sote tukafuata.

Kitu ambacho lazima ujue ni kwamba mama hajawahi kumwita shemeji yake kwa jina. Kwetu hufanyi hivyo, yule ni mkubwa wa mume wako. Ni Baba Kimaiyo kwa miaka kumi na saba, hata akizungumza juu yake akiwa hayupo.

"Kigen," akasema. "Washa gari."

Baba Kimaiyo alikuwa na kisu mkononi na damu mpaka kwenye kiwiko. Akatazama baba yangu, baba yangu akatazama kondoo. Baba Kimaiyo akasema taratibu kwamba ni saa nne na nusu, na si walikubaliana saa nane, baada ya chakula.

"Nilikuwa nangoja chakula kiive ndio nibebe maziwa," mama akasema. "Maziwa hakuna. Na chakula kina wenyewe."

Akamgeukia Senge Chesang. Hakuinua sauti, na hiyo ndiyo iliyotisha.

"Senge, unga umekandwa uko kwa beseni. Nyama iko kwa moto. Mchele sijaosha. Hii ni nyumba ya mama yenu, mnajua kila kitu kiko wapi."

Senge alifungua mdomo. Lakini dirisha la sebule liko upande huohuo, na Kogo alikuwa amesikia yote kutoka kwa kiti chake. Yeye huwa haongei sana siku hizi, na mimi nilidhani atamtetea binti yake.

"Chesang," akasema kutoka ndani, "funga leso usukume chapati."

Basi tukaondoka. Mama hakuvaa hata ile nguo aliyopiga pasi. Aliniambia niingie, kisha akafungua mlango wa nyuma akawaita wale watatu. Mama Kimaiyo akasema watoto wamelowa, watashikwa na baridi huko juu milimani Mau. Mama akamwambia awape sweta, kwa sababu wao ndio wataeleza, yeye hajui aseme nini kwa mama yake. Baba alikuja mbio mwisho kabisa na mtungi wa maziwa ya asubuhi na matawi mawili ya senetwet, amekata na kisu cha kondoo. Akaviweka miguuni mwa mama kupitia dirishani. Mama akamwambia asisahau kumfunga ndama.

Juu ya safari sina mengi, ila kwamba soda ya Kimberly ilirudi tukiwa Molo, na Baba Kimaiyo akasimamisha gari akapangusa kiti na gazeti akiwa bado na damu kwa mikono. Watu wa pale kituoni walitutazama vibaya.

Tulifika saa saba. Mama yake mama alikuwa ameketi nje kwenye jua, mguu mmoja juu ya kigoda, mwingine umefungwa chini ya leso. Tulisalimiana. Baba Kimaiyo akapewa maji ya kunawa na akaendelea na safari kwenda kukagua nyumba yake Nakuru, akasema atatupitia jioni. Mzee hakuuliza habari za nyumbani. Alinyoosha mkono akapewa sotet, akaitikisa kidogo. Ilikuwa nyepesi. Akanusa.

"Nani?"

Mama akawasukuma mbele. Kimberly akajificha nyuma ya Kiprugut, ambaye ni mdogo kuliko yeye. Kimaiyo akasema ni wao, na kwamba waliambiwa wasiache kitu cheusi.

"Na sabuni mliweka mara ngapi?"

"Tatu," akasema, na hapo nilimheshimu, kwa sababu angeweza kusema moja.

Ningependa kukuambia kwamba yule mzee alicheka. Hakucheka. Alikuwa amengoja hayo maziwa tangu Novemba na alikasirika kabisa. Alimuuliza mama alikuwa wapi watoto wakiosha, ni nani huweka sotet chini ya meza kama sufuria ya mbwa, na kwani nyumba hiyo yote ya Keringet haina msumari. Mama akasema ndiyo mama, hapana mama. Aligombezwa kama msichana mdogo, kwa jina lake, Sally hivi na Sally vile, na mimi niliyemtazama nikaona mabega yake yanashuka, pole pole, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Mzee alipochoka akaagiza moto. Matawi ya baba yalikuwa mabichi, lakini alikuwa na ya kwake makavu juu ya dari. Akawaketisha watatu kwa mstari na kuwaonyesha jinsi ya kuchukua kaa la moto kwa ncha ya kijiti na kusugua ndani, kuzungusha, kumwaga majivu, kurudia. Akasema walisugua na sabuni mara tatu, kwa hivyo watasugua na makaa mpaka yeye asisikie ndimu. Kila baada ya muda anaitisha kibuyu, ananusa, anarudisha. Kiprugut aliuliza kama kuna soda. Alitazamwa tu. Kufika saa tisa walikuwa weusi mpaka kwa viwiko, na nguo za Krismasi sitaki hata kuzitaja. Ndimu ilikuwa bado ipo. Mzee akasema itachukua miezi, na hiyo sotet haitarudi Keringet kuoshwa na wajinga. Itabaki kwake, na Sally atakuwa anakuja kila mwezi kuangalia imefika wapi. Mama akasema sawa.

Chakula kilikuwa viazi na kabichi, na yale maziwa ya baba yaliyochemshwa, kwa kikombe. Jirani alikuwa ameleta kipande cha kuku. Mama aliketi kwenye nyasi kando ya mguu wa mama yake, sahani kwa magoti, mvuke bado unatoka kwa chakula. Hakuna aliyemwita.

Halafu simu ikaanza. Ilikuwa imelia mara sita tukiwa njiani, na mama hakuishika. Sasa ililia juu ya nyasi karibu na goti lake, na jina la Senge Chesang likaonekana, na ikakatika, na ikalia tena. Mama alikuwa na kiazi mdomoni. Akanisukumia mimi na kiwiko.

Nikasema haloo. Nyuma ya Senge nilisikia watoto wanalia, kifuniko kikianguka, na mtu anauliza kama chapati huwa zinashika hivi. Senge hakusalimia. Akasema nimpe Mama Fancy simu haraka, mchele unaiva na chumvi haionekani, wametafuta jikoni yote, wametafuta karibu na moto mahali Mama Fancy huweka, hakuna.

Nilimtazama mama. Alikuwa anatafuna, macho kwa wale watoto na kibuyu chao, na hakuwa na haraka.

"Senge," nikasema, "iko juu ya rafu. Pale uliiweka jana."